Unapoingia mashindano ya tenisi, jua kinachokungoja uwanjani

Na DAKTARI WETU

KILA yanapotangazwa mashindano ya tenisi ya wachezaji wa ridhaa, wengi wanaojiandikisha si vijana wa shule. Ni makarani, walimu, mawakili na wafanyabiashara wa makamo ambao hukaa kitini siku tano za wiki, kisha Jumamosi wakataka mwili uwafanyie kazi ya wiki nzima kwa saa mbili.

Tenisi ina manufaa mengi kwa moyo, mifupa na akili. Hata hivyo, mashindano si sawa na kupigiana mpira na rafiki jioni. Katika mazoezi, ukichoka unaketi. Katika mashindano watu wanatazama, na wengi huendelea hata mwili ukishakataa. Ndiyo maana inafaa mchezaji ajue mapema atakachokuta.

Kungoja

Jambo la kwanza ni kungoja. Ratiba huandikwa kwa saa, lakini mechi ya tenisi haina muda maalum. Mbili zilizotangulia zikirefuka, mechi yako ya saa 3 asubuhi yaweza kuanza saa 6 mchana, jua likiwa utosini. Ukishinda, huenda ukaitwa tena jioni.

Kula chakula kamili saa 3 hivi kabla ya mechi. Baada ya hapo, tegemea vitu vyepesi kama ndizi mbivu au mkate, uvibebe kutoka nyumbani. Usibahatishe na vibanzi na soseji za kibandani.

Aidha, zile dakika chache mnazopewa za kupigiana mpira kabla ya mechi hazitoshi kupasha misuli moto. Kimbia polepole na ujinyooshe kwa dakika 10 kabla hujaitwa. Ukipumzika kwa muda mrefu kati ya mechi mbili, badilisha shati lililolowa jasho na uanze upya.

Mwinuko na joto

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi na mpira huenda kasi zaidi, ndiyo sababu kanuni za kimataifa zina mipira maalum ya kutumiwa katika sehemu zilizoinuka zaidi ya mita 1,219. Anayetoka pwani hutweta mapema na hupiga mpira akiwa amechelewa, jambo linaloumiza kiwiko na bega. Asishangae, na apunguze kasi siku ya kwanza.

Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa hukuta taabu nyingine. Kule hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na mwili unashindwa kujipoza. Mwili huhitaji kati ya wiki 1 na 2 kuzoea joto la namna hiyo, wala si usiku mmoja wa kusafiri kwa basi au treni.

Anayekwenda pwani au Kisumu akumbuke pia malaria. Mkaazi wa Nairobi hana kinga kubwa ya ugonjwa huo. Alale ndani ya neti na amwone daktari kuhusu dawa za kujikinga kabla ya safari. Akipata homa wiki moja au zaidi baada ya kurudi, asiseme ni uchovu wa mechi. Apimwe damu siku hiyo hiyo.

Maji

Wachezaji wanapobadilishana pande hupewa sekunde 90, na seti ikiisha sekunde 120. Baada ya gemu ya kwanza ya kila seti hakuna kuketi. Tumia nafasi hizo kunywa mafunda machache, hata kama huna kiu. Beba angalau lita 2 zako mwenyewe, kwani si kila uwanja una maji safi ya kunywa.

Mechi ikipita saa moja katika joto kali, maji matupu hayatoshi kwa sababu jasho hutoka na chumvi. Pakiti ya ORS kutoka duka la dawa, ikikorogwa kama ilivyoandikwa, husaidia. Kunywa maji matupu kupita kiasi nako kuna hatari, kwani huzimua chumvi ya damu na kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata kifafa.

Dalili zisizongoja

Misuli ikikaza, nyoosha na unywe. Kanuni haziruhusu mechi isimamishwe kwa sababu hiyo, ila waweza kuhudumiwa mnapobadilishana pande. Ukiteguka kifundo cha mguu, acha kucheza, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, na uinue mguu. Ukishindwa kupiga hatua 4, nenda ukapigwe eksirei.

Mchezaji anayeanza kuongea ovyo, kupepesuka au kuzirai kwenye joto yumo hatarini, hata kama bado anatoka jasho. Mweke kivulini, mvue nguo za ziada, mmwagie maji baridi mwili mzima na kumpepea huku gari likitafutwa. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu.

Maumivu ya kifua yanayobana, au yanayoenea mkononi au tayani, ni mwisho wa mechi. Usiseme ni asidi ya tumbo. Mtu akianguka ghafla, asiitike wala kupumua vizuri, anza mara moja kukandamiza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Kila dakika inayopotea hupunguza nafasi yake ya kuishi.

Kwa hiyo ufikapo uwanjani, kabla hujauliza utacheza na nani, uliza mambo matatu: sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, gari gani litabeba mgonjwa, na hospitali iliyo karibu ni ipi. Mashindano mengi ya ridhaa hayana daktari wala ambulensi. Ikiwa hakuna mwenye jibu, kubalianeni hapo hapo.

Dawa zako

Mwenye pumu aweke inhela kando ya kiti chake, si ndani ya gari. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya mechi na awe na kitu kitamu mfukoni. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa kwa sababu ya mashindano. Amuulize daktari wake mapema, kwani baadhi ya dawa hizo hupunguza maji mwilini na nyingine huzuia moyo kwenda mbio.

Acha pia mazoea ya kumeza diclofenac au ibuprofen kabla ya mechi "ili usisikie maumivu". Mwili ukiwa na upungufu wa maji, dawa hizo zaweza kudhuru figo, nayo maumivu yaliyonyamazishwa huficha jeraha linaloendelea kuchanika.

Umri ukipita miaka 40 na hujacheza kwa muda mrefu, au ukiwa unavuta sigara, pimwa kabla ya kulipa ada ya kujiandikisha. Na siku yenyewe mwili ukikataa, mpe mpinzani wako mkono utoke uwanjani. Kombe litashindaniwa tena mwakani.