Dhana Mbaya na Hukumu Yake: Funzo Kutoka Kagera

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mjuzi wa yaliyomo vifuani. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kuanzia hapa Izimbya hadi Muleba, maswali mawili husikika msibani: marehemu ameugua nini, na nani amemfanyia? Swali la kwanza linatafuta sababu. La pili limekwisha kuamua kuwa adui yupo, limebaki kumtafutia jina.

Yaliyotokea mpakani

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa mwanzo wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera. Watu waliuita ugonjwa ule "Juliana", jina la vitambaa vilivyoingizwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Baada ya vita vya 1978-79 magendo yalikuwa yameshamiri mpakani, na miongoni mwa waliotangulia kufa walikuwamo wafanyabiashara. Wengi upande wetu wakasema: hawa waliwadhulumu Waganda mali zao, nao Waganda wamewaroga. Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa upande wa Uganda, maneno yalikuwa hayo hayo yamegeuzwa: wenzetu waliwadhulumu Watanzania, nao Watanzania wamewaroga.

Tazama ajabu hii. Kila upande ulimtuhumu jirani, na ndani ya tuhuma hiyo hiyo ukakiri kuwa watu wake ndio walioanza kudhulumu. Mtu aliyekula mali ya mwenziwe hulala akingoja kisasi. Likimpata jambo, husema ndicho hicho kimefika. Huku mchawi akitafutwa ng'ambo ya mpaka, virusi vilikuwa vikipita kwa kujamiiana, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Kipimo cha Abu Ayyub

Qur'ani imetupa kipimo kingine. Bibi Aisha (r.a.) aliposingiziwa, Suratun-Nur aya ya 12 iliwalaumu waumini kwa kutowadhania wenzao wema pale walipousikia uzushi ule, na aya imewaita wenzao hao "nafsi zao". Imepokewa kuwa Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) alimuuliza mkewe kama yeye angeweza kutenda jambo lile. Alipojibu hapana, akamwambia kuwa Aisha ni mbora kuliko yeye. Naye alipima kwa nafsi yake, lakini kwa upande wake ulio safi.

Hukumu yake

Suratul-Hujurat aya ya 12 inatuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Wanazuoni wakapambanua. Wazo linalopita moyoni bila kukaribishwa limesamehewa. Linalokatazwa ni lile analolishikilia mtu na kulijengea hukumu. Imam Ghazali, katika Ihya, ameiita dhana mbaya kuwa ni kusengenya kwa moyo, na alama yake ni moyo kubadilika juu ya mtu yule, ukamwona mzito na kumkimbia.

Usama bin Zayd (r.a.) alimuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (s.a.w.) alimkemea kwa kumuuliza kama aliupasua moyo wake akajua. Swali hilo alilirudia mpaka Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile tu. Na dalili za nje zilikuwapo! Itakuwaje basi kwa anayemhukumu bibi kizee kwa macho yake mekundu?

Ataniuliza mtu: je, sihiri haipo? Ipo, na imetajwa katika Suratul-Baqara aya ya 102. Lakini kuwepo kwa sihiri ni jambo moja, na kusema fulani ndiye aliyeifanya ni dai. Kisheria dai linamtaka mdai alete ushahidi, na mwenye kukanusha ni kiapo. Kauli ya mpiga ramli haiwi ushahidi. Amepokea Muslim kuwa amwendeaye mpiga ramli na kumuuliza haikubaliwi sala yake masiku arobaini.

Tahadhari si tuhuma

Kufunga mlango usiku hakumfanyi jirani kuwa mwizi. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kuwa tauni ikiwa katika nchi watu wasiingie, na waliomo wasitoke kwa kuikimbia. Hiyo ni hadhari isiyomtuhumu mtu. Tuliihitaji mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Wilaya ya Bukoba, na tena mwaka 2025 ulipotokea Biharamulo.

Kwa hiyo, ndugu imamu, ukiletewa jina la mtuhumiwa msibani, usilipeleke kwenye mimbari. Mwombe mleta habari ushahidi, kama Suratul-Hujurat aya ya 6 inavyotaka tuchunguze tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Ihimize familia imsikilize daktari. Na muulize faraghani mwenye kutuhumu kama kuna haki ya mtuhumiwa aliyoizuia: shamba, deni au mirathi. Ikiwapo, irudishwe, kwa kuwa huenda hofu yake imeanzia hapo.

Ewe Mola, zisafishe nyoyo zetu, na utulinde tusiwadhulumu waja wako kwa dhana. Amin.

Wabillahi tawfiq.