Tuliwafunga Vitambaa Machoni, Tukakosea

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kwa miaka kadhaa, kila tulipoitwa na shule kueleza habari za ulemavu, tulikuwa na zoezi moja tu: kuwafunga wanafunzi vitambaa machoni na kuwaambia watembee kutoka darasani hadi jikoni. Walijikwaa, wakacheka, wengine wakalia. Tukiwauliza wamejifunza nini, jibu lilikuwa lile lile: "Maskini, hawa watu wanateseka." Nasi tulirudi ofisini tukidhani somo limeingia.

Kumbe kilichoingia ni hofu. Aliyefungwa kitambaa kwa dakika kumi anajua dakika kumi za kwanza za kutoona, basi. Hajui ile miaka ambayo mtu hujifunza kutumia fimbo, sauti, harufu na hesabu ya hatua. Arielle Silverman, mtafiti wa Marekani ambaye mwenyewe haoni, alichapisha pamoja na wenzake mwaka wa 2015 utafiti juu ya jambo hili. Waliofungwa macho na kupewa kazi ngumu walitoka wakiwaona wasioona kuwa hawawezi kazi wala kujitegemea, zaidi ya wale ambao hawakufungwa. Na mtoto huyo kesho ndiye mwajiri, au mwenyekiti wa kikundi!

Siku hizi tunafanya tofauti. Tunaomba watu wawili au watatu wenye ulemavu waje wakae na wanafunzi chini ya mti, wanafunzi sita hivi kwa kila mgeni, waulizwe. Safari moja alikuja mzee asiyeona, fundi wa kusuka viti. Kwanza kimya. Halafu kijana mmoja akauliza, "Mzee, unajuaje hujapunjwa pesa?" Mzee akatoa noti mfukoni, akawapitisha vidole juu yake. Noti zilizotoka mwaka wa 2019 zina alama za kupapasa, akawaeleza, lakini ikichakaa ndipo taabu huanza. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna kitambaa kingelifundisha: "Mteja anataka kiti nilichosuka mimi, halafu bei anamwuliza mke wangu."

Siku hiyo hiyo alikuwepo mama mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Alikuwa mweka hazina wa kikundi chake hadi mikutano ilipohamishiwa ghorofani, nyuma ya duka. Hakuna aliyemfukuza, ati walisahau tu ngazi. Wanafunzi walikasirika kuliko yeye. Je, kikundi chenu hukutana wapi?

Mkitaka kujaribu jambo hili na shule ya karibu, mwombeni mtu mwenyewe, si jamaa zake, na akikataa mwacheni. Mlipeni nauli na siku yake ya kazi, kwa maana mwalimu hafundishi bure. Msimwite mmoja peke yake, watoto wasije wakadhani wote ni kama yeye. Akiwa kiziwi, tafuteni mkalimani wa lugha ya ishara mapema, lakini wanafunzi wamtazame yeye, si mkalimani. Wanafunzi waandike maswali kabla, na mgeni aambiwe kwamba ana ruhusa ya kusema, "Hilo sijibu." Picha msipige bila idhini. Na yale majina ya kudharau tuliyozoea vijijini tuyaache. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdunisha.

Wapo walimu wanaoogopa kwamba watoto watauliza maswali ya aibu. Watauliza, ndiyo. Mama yule aliulizwa anaogaje, akacheka sana, akajibu. Ni afadhali waulize hapo kuliko kubuni majibu wenyewe njiani.

Mkutano ulipokwisha, msichana mmoja alibaki nyuma. Alitaka kujua kama mtoto wa miaka tisa asiyetembea anaweza kuanza shule, au amechelewa. Ni mdogo wake, yuko nyumbani, majirani wengi hawajui kama yupo. Walizungumza na mama yule muda mrefu, nasi hatukuwasogelea. Wiki mbili baadaye mzazi wao alikuja ofisini kuuliza njia ya kwenda kituo cha EARC, pale ambapo watoto hupimwa mahitaji yao ili wapate shule inayowafaa.