Je, Wajua? Mto mmoja, sokwe wa aina mbili

Kailo, mkoani Maniema nchini DRC, iko karibu na Lualaba, mto ambao huko chini unaitwa Kongo. Sokwe wa kawaida wanaishi ng'ambo ya mashariki. Bonobo, ndugu zao wembamba wenye midomo ya waridi, wako magharibi tu; Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa 2016 kati ya mikoa ya Maniema na Tshopo, ni moja ya makao yao. Aina zote mbili hazijui kuogelea.

Mto haukutenganisha makazi tu, bali tabia pia. Mwaka 2010 mtafiti Victoria Wobber na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwenye vituo vya kulelea yatima wa sokwe hao, Lola ya Bonobo karibu na Kinshasa na Tchimpounga huko Kongo-Brazzaville. Hakuna sindano wala damu: mnyama alipewa pamba yenye unga wa peremende, akaifyonza, mate yakaenda kupimwa.

Madume wawili wasioelewana walionyeshwa chakula. Kabla hata hawajakigusa, mwili wa sokwe ulipandisha testosteroni, homoni ya ubabe. Wa bonobo ulipandisha kotisoli, homoni ya wasiwasi. Yaani mmoja alikiona chakula kama pambano la kugombea cheo, mwenzake akakiona kama balaa la kumtia tumbo joto.

Porini kazi ya kupima homoni ni ngumu zaidi, kwani mtafiti husubiri chini ya mti alfajiri, kisha hukusanya mkojo uliodondokea majani.