Bata Akitotoa Kwale, Nani Aandike?

Ukimwona bata wa mwituni kwenye ziwa la mvua huko Msambweni, anaogelea na vifaranga sita nyuma yake, pengine utaendelea na safari yako. Bata ni bata. Lakini ikiwa ni wa aina isiyojulikana kuzaa huku pwani, basi vifaranga wale sita ni habari ya nchi nzima, na wewe uliyewaona ndiye shahidi. Swali ni moja tu: uliandika? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ndege nao ni mali.

Kupita si kuzaa

Kwanza tutenganishe bata anayepita na bata anayezaa. Kati ya Novemba na Machi, wakati wa kaskazi, bata wengi wa Ulaya na Asia hukimbia baridi na kuja Afrika Mashariki. Hula, hunenepa, kisha hurudi kwao kutaga. Hata ukiwahesabu mia katika bwawa moja mwezi wa Januari, hiyo haithibitishi kwamba wanazaa hapa.

Wengine ni wenyeji wa Afrika, ila hufuata maji. Yuko bata mwenye uso mweupe, yule anayesikika usiku akipita juu ya mapaa kama mtu anayepiga mbinja. Yuko pia bata mkubwa ambaye dume lake lina nundu juu ya mdomo. Hawa huhama kwa kufuata mvua. Masika yakiwa mazuri, wanaweza kukaa na kutaga mahali ambapo mwaka uliopita hapakuwa na tone la maji.

Kisha wapo bata ambao makao yao ni mbali na sisi. Mfano ni yule ambaye wataalamu humwita Oxyura maccoa. Dume lake lina mwili wa rangi ya kahawia iliyokolea, kichwa cheusi, mdomo wa buluu na mkia mgumu ambao mara nyingi husimama wima. Hapa Kenya ni bata wa nyanda za juu na maziwa ya Bonde la Ufa. Watu wa Nairobi humfuata kwenye bwawa la Manguo, Limuru. Idadi yake imepungua kiasi kwamba shirika la IUCN limemweka katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Bata kama huyo akitotoa Kwale, ramani itabidi ichorwe upya.

Kwa nini bata aache kwao? Mara nyingi ni kwa sababu kinamasi chake kimekaushwa, au kwa sababu binadamu ametengeneza maji mapya kwingine: bwawa, shamba la mpunga, timbo la mawe lililojaa mvua. Kule Bamburi, matimbo ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa miti mwaka wa 1971 chini ya René Haller. Leo ni Haller Park, na palipokuwa mawe matupu pana mabwawa na ndege. Huku kwetu kuna Bwawa la Mukurumudzi, lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa Base Titanium, ulioacha kuchimba Desemba 2024. Ndege hasomi hati ya shamba. Akiona maji, chakula na majani ya kujificha, hushuka.

Ushahidi unaokubalika

Watafiti hupanga ushahidi wa kuzaa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni "inawezekana": dume na jike wameonekana mahali panapofaa, wakati wa msimu wao. Ya pili ni "yaelekea": wamekaa hapo kwa wiki kadhaa, dume anafukuza wenzake, au wanaonekana wakijenga. Ya tatu ni "imethibitishwa": kiota chenye mayai, au vifaranga wasioweza kuruka wakiwa na mzazi wao.

Ngazi hiyo ya tatu ina mitego yake. Bata wengine hawatagi ukingoni bali ndani ya mashimo ya miti, kama yule bata mdogo kuliko wote Afrika, anayependa mbegu za yungiyungi. Vifaranga wake wakishaanguliwa hujirusha chini na kumfuata mama hadi majini. Kwa hiyo, kukosa kiota ukingoni hakumaanishi kwamba hakuna kuzaa. Na kinyume chake, bata wachanga ambao tayari wanaruka hawathibitishi kitu, kwani huenda wametoka mbali.

Mtego mwingine ni bata wa kufugwa. Hotelini na majumbani watu hufuga bata wa kila namna. Mmoja akitoroka na kutotoa ziwani, hiyo si habari ya bata wa mwituni kuhamia kwetu. Ndiyo maana huangaliwa kama bata ana pete mguuni, kama mbawa zimekatwa, na kama anaogopa watu.

Basi ukiona, andika tarehe na saa, mahali (simu nyingi leo zinaonyesha), idadi ya wakubwa na ya vifaranga, ukubwa wa vifaranga ukilinganisha na mama yao, na hali ya maji. Piga picha. Hata ikiwa si nzuri, maadamu inawaonyesha mama na vifaranga pamoja, ina thamani. Rudi baada ya wiki moja uangalie kama bado wapo, na uandike tena.

Daftari lenyewe

Kuandika ndege si jambo jipya Afrika Mashariki. Nature Kenya ni jina la leo la East Africa Natural History Society, jumuiya iliyoanzishwa mwaka wa 1909. Mwaka wa 1980 jumuiya hiyo ilichapisha kitabu cha Leslie Brown na Peter Britton kuhusu misimu ya kuzaa ya ndege wa Afrika Mashariki. Jarida lake la ndege, Scopus, limekuwapo tangu 1977.

Mwaka wa 1989 ikatoka ramani ya ndege wa Kenya, kazi ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy. Nchi iligawanywa kwa miraba yenye takriban kilomita 55 kila upande. Mraba mmoja uliweza kuchukua kisiwa cha Mombasa na Diani kwa pamoja, kwa hiyo ziwa moja la Ukunda lilipotea humo ndani. Leo kuna Kenya Bird Map, ambayo miraba yake ni kama kilomita 9 tu kila upande. Mtu yeyote anaweza kujiandikisha. Hutembea ndani ya mraba kwa saa mbili au zaidi, huorodhesha kila ndege anayemtambua, kisha hutuma orodha, hata kwa simu. Habari ya ndege adimu hukaguliwa na wajuzi kabla ya kukubaliwa, na hapo ndipo ile picha yako itakapokusaidia.

Inatufaa nini?

Mtu atasema: watoto wadaiwa karo, wewe watuletea habari za bata? Swali ni la haki. Lakini ziwa analolelea bata vifaranga ndilo wanalonywea ng'ombe, na ndimo vijana wanamovua kambare. Siku atakapokuja mtu na lori za kifusi kulifukia, sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini, ripoti ifike NEMA, na wananchi watoe maoni yao.

Hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Mzee atasimama na kusema ndege wamekuwapo tangu enzi za babu yake. Ni kweli tupu, lakini haina tarehe wala picha. Ripoti iliyoandikwa wakati wa kiangazi, ziwa likiwa kavu, itasema hakuna kiumbe wa kutajwa. Kumbukumbu za masika matatu mfululizo, zilizokwisha kuingia katika hifadhi ya taifa, si rahisi kuzipuuza. Hazihakikishi ushindi, lakini humlazimisha mwenye mradi ajibu.

Daftari hilo hilo huandika pia wageni wabaya. Kurabu, yule kunguru wa Bara Hindi, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na Mombasa akaandikwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1947. Mwaka wa 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Laiti ule mstari wa 1947 ungelichukuliwa kwa uzito, kazi ya leo ingekuwa nyepesi.

Na kurabu huyo huyo hula mayai na vifaranga. Kwa hiyo tahadhari: usikaribie kiota. Mama akiinuka, kurabu hachelewi. Wala usirushe picha na mahali kwenye makundi ya WhatsApp bata angali akilalia mayai. Wape habari wanaohifadhi kumbukumbu, subiri vifaranga waruke, kisha tangaza utakavyo.

Kazi hii haihitaji shahada. Mchunga ng'ombe wa Msambweni huyapita maziwa hayo kila siku, kuliko mtafiti yeyote wa Nairobi. Wazee wetu wana majina ya Kidigo ya ndege ambayo vijana hawayajui tena. Shule moja, daftari moja, simu moja yenye kamera na mzee mmoja wa kuulizwa vinatosha kuanza masika yajayo.