Karata Hazina Macho

Huenda mwanao ameona katika simu mtu akipanga karata za picha mezani na kumtabiria mwenzake mambo ya kesho. Karata hizo huitwa taroti. Yafaa tuzijue, maana jambo lijulikanalo halitishi.

Jumla yake ni karata 78. Kati ya hizo, 56 zimegawanyika mafungu manne: vikombe, panga, magongo na sarafu. Hata sisi tunayo majina hayo bila kujua. Kopa, shupaza, pau na uru ni maneno yaliyotoka katika Kireno, na maana yake ni vikombe, panga, magongo na dhahabu. Zile 22 zilizobaki ni picha za pekee, kama Jua, Mnara na Mauti.

Mwanzoni hazikuwa za ramli. Katika karne ya 15 watu wa Italia ya kaskazini walizicheza kama sisi tuchezavyo karata zetu. Mwaka 1781, huko Paris, Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba ni hekima ya Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi, lakini wengi walimsadiki.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mteja huuliza swali, karata huchanganywa, kisha hutolewa labda tatu: ya mambo yaliyopita, ya sasa, na ya baadaye. Mnara ukitokea, mpiga ramli husema, “Kuna jambo limetikisa nyumba yako.” Je, ni nyumba gani isiyotikisika? Mteja hukumbuka deni au ugomvi, uso wake hubadilika, naye mpiga ramli hufuata njia hiyo hiyo.

Mwaka 1948 Mmarekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Kumbe wote walipewa maneno yale yale! Walipoulizwa yanawafaa kadiri gani, kwa wastani walitoa alama zaidi ya 4 kati ya 5.

Kanisa hukataza ramli za kila namna. Lakini tazama pia hasara yake: mtu akiambiwa kwamba jirani ndiye adui, hurudi nyumbani na chuki aliyoinunua kwa fedha yake. Mwenye ugonjwa na aende zahanati. Mwenye ugomvi na aketi na mwenzake wazungumze. Karata tuziachie mchezo.