Bei ya Vazi na Bei ya Mtu

Ziko Lindi mbili katika Afrika ya Mashariki. Ya kwanza ni bandari kongwe ya kusini mwa Tanzania, ambako katika karne ya 19 misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa iliteremka ikiwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, ili watiwe majahazini na kupelekwa kuuzwa Unguja na kwingineko. Ya pili ni kijiji kimoja miongoni mwa vijiji vya Kibera, jijini Nairobi, upande wa kuteremkia Bwawa la Nairobi, ambako nyumba za udongo na mabati zimekaribiana hata mtu akikohoa chumbani mwake jirani humpa pole. Nakusudia kueleza habari za Lindi hii ya pili, na za Kawangware iliyo mwendo mfupi kaskazini-magharibi yake. Walakini siwezi kuzieleza bila ya kuikumbuka ile ya kwanza, kwani katika pwani yetu nguo na utumwa vilisafiri pamoja.

Nguo iliyotamaniwa sana zama hizo, Unguja na bara, ilikuwa merikani. Wafanyabiashara wa Salem, katika Massachusetts, waliizoea bandari ya Unguja tangu miaka ya 1820, na mwaka 1833 Sultani Sayyid Said akafunga mkataba wa biashara na Marekani. Pamba ya nguo hiyo ilipandwa na kuchumwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani, ikafumwa viwandani kaskazini, ikavuka bahari hadi forodhani, kisha ikachukuliwa vichwani mwa wapagazi mpaka bara, na huko ikabadilishwa kwa pembe na kwa watu. Hivyo jasho la mtumwa mmoja lilinunua mwili wa mtumwa mwingine, na aliyejifunga merikani akaenda zake sokoni hakuliona jambo hilo katika nyuzi za nguo yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, katika utawala wa Sayyid Barghash. Hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria huko mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake waliokuwa watumwa wakaziacha kaniki, nguo nyeusi za unyonge, wakajifunga kanga za rangi na maua, na kila aliyewaona njiani alifahamu wanasema nini.

Utumwa wa leo hauna soko wala mnada. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa katika kazi ya kulazimishwa, na wengi wao hawakupata kuona mnyororo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kupambana na ulanguzi wa watu hutazama mambo matatu: kitendo, kama vile kumwandika mtu kazi, kumsafirisha au kumhifadhi, njia, ambayo ni nguvu, vitisho, hadaa au kutumia udhaifu wa mtu, na kusudi, yaani kumnyonya. Aliyelanguliwa akiwa ni mtoto, njia haiulizwi: kumsafirisha kwa kusudi la kumnyonya kwatosha kuwa hatia. Wala haimwokoi mlanguzi kusema kuwa aliyelanguliwa alikubali, ikiwa ridhaa hiyo ilipatikana kwa hila. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kumzuilia mtu pasipoti yake ili asiweze kuondoka ni kosa katika sheria hiyo hiyo.

Ikiwa sheria ni kali hivyo, kwa nini mlanguzi bado yupo? Jibu langu ni kuwa mlanguzi huanzia pale ujira ulipoishia. Haendi kwenye nyumba ya mtu mwenye mshahara wa kutosha. Aghalabu hatumi hata mtu mgeni. Hutuma shangazi, jirani, au msichana aliyesoma darasa moja na huyo anayetakiwa, naye huja na habari njema: iko kazi ya nyumbani Riyadh au Doha, nauli italipwa, mshahara ni mara nyingi ya ule wa hapa. Wapo wanaokwenda kwa njia hiyo wakafanya kazi, wakalipwa na wakarudi salama, na ni kwa sababu hiyo hadaa huaminika. Aliyehadaiwa hufika akaambiwa nauli ile ilikuwa deni, pasipoti huwekwa kabatini mwa mwajiri, na kwa kuwa katika utaratibu wa kafala ukaazi wa mgeni umefungamana na mdhamini wake, akitoroka dhuluma huonekana kuwa yeye ndiye mkosaji. Wengine hawavuki hata mpaka: ni watoto wa kike wanaotolewa vijijini kwa ahadi ya shule, wakafika Nairobi wakawa wapishi na yaya katika nyumba za watu, nyumba nyingine zikiwa za watu wanaosoma makala kama haya.

Hapo ndipo vazi linapoingia. Mama mshoni wa Lindi au wa Kawangware, mwenye cherehani ya kukanyaga kibarazani, akipokea kazi ya kushona sare au gauni la kitenge, hana budi kutoa katika bei ile ile uzi, zipu na vifungo, kodi ya kibanda, malipo ya kupiga ovaloki kwa mwenye mashine hiyo, na makaa ya pasi; kinachobaki baada ya hayo ndicho ujira wake. Mteja anapomkatia bei, hakatwi mwuza uzi wala mwenye kibanda, kwa kuwa hao bei zao hazipungui. Kinachokatwa ni kile kilichobaki, yaani unga wa jioni na karo ya mwana. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya kibanda cha namna hiyo nikamshindania mshoni bei hata akanyamaza, akaichukua kazi kwa bei yangu, nami nikaenda zangu nikijiona mjuzi wa soko. Ule unyamavu wake niliuelewa baadaye sana: hakuwa amekubali, alikuwa hana la kufanya.

Mbali na cherehani, katika karakana za Kibera yapo mambo yanayofaa kutazamwa kwa macho na bila haraka. Kufuli zilizovunjika, bilula kuukuu na vyuma chakavu vya shaba ya manjano hununuliwa kwa kilo, hutiwa katika chungu juu ya makaa yanayopulizwa mpaka yawe meupe kwa joto, na shaba ikishakuwa maji humiminwa katika kalibu ya mchanga uliokandamizwa ukaachiwa umbo la bangili au herini. Mahali pengine ni mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, ambayo huchemshwa mpaka mafuta yatoke, ikakatwa kwa msumeno, ikasuguliwa kwa msasa, ikachorwa kwa nta na kutiwa rangi nyeusi, hata ukaitazama shanga yake usijue kuwa jana ilikuwa mfupa. Vumbi la mfupa ni jepesi, na hukaa juu ya nyusi za mafundi kama unga. Asiyefunga pua na kinywa hulivuta kifuani mwaka baada ya mwaka; basi anayeuliza kama bidhaa hii ni ya haki na aulize kuhusu vumbi pia, maana ujira mwema pamoja na kifua kilichoharibika si insafu.

Mafundi hawa wamepata kufikiwa na soko la mbali. Mwaka 2009 Simone Cipriani, Mwitaliano wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva, alianzisha mradi wa mitindo ya kiadilifu uliofanya kazi na mafundi wa Nairobi, wa Kibera wakiwamo, na kauli yake ni kuwa jambo lenyewe si sadaka, ni kazi tu. Mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood wa Uingereza akatengenezesha mikoba yake jijini humo kwa turubai kuukuu, vipande vya mabango ya barabarani na shaba iliyoyeyushwa upya. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1996, Amani ya Juu ilikuwa ikifundisha na kuajiri wanawake wakimbizi mjini Nairobi katika kazi ya ushoni. Nayasifu mambo hayo kwa moyo safi. Lakini soko la mbali hubadilika kwa msimu, na mwaka ambao mabibi wa Ulaya hawataki shanga za mfupa, karakana hunyamaza. Mteja wa kudumu wa Lindi ni sisi tulio karibu nayo.

Na sisi tuna mitumba. Sitaki kumlaumu mtu anayenunua shati katika soko la Gikomba au la Toi, wala anayeliuza, kwani mitumba imevika nusu ya jiji na kulisha nyumba nyingi. Ila ifahamike kuwa shati lile lilikuwa na mshoni wake. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washoni wa nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, na wakaamrishwa warudi kazini. Nguo za mikono kama hiyo, zikishavaliwa na kuchokwa huko, ndizo zinazofungwa marobota na kushushwa Mombasa. Urahisi wake ulilipiwa na mtu mwingine zamani.

Jambo lililo katika uwezo wetu ni arbuni. Fundi anayepewa nusu ya malipo siku ya kuagiza hununua kitambaa kwa fedha ya mteja, na asiyepewa hukopa kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya wiki. Kisha zipo shule, makanisa, misikiti na kamati za harusi zinazoagiza mavazi mia kwa pamoja, zikayavaa, zikapigwa picha nayo, na kulipa miezi miwili baadaye. Nasi ndio wanakamati. Madrasa zilitufunza kuwa mfanyakazi hulipwa jasho lake halijakauka, na hapa jasho limekauka, nguo imefuliwa mara kumi, na mshoni angali anapiga simu. Mwezi huo wa pili, kodi ya chumba ikiwa imechelewa, ndio mwezi ambao binti yake mkubwa humsikiliza shangazi mwenye habari za Riyadh.

Akishamsikiliza, bado ipo nafasi ya kumzuia. Wakala wa haki ana leseni inayoweza kuulizwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba husomwa kabla ya safari, katika lugha anayoijua msafiri. Na anayeambiwa asafiri kwa viza ya utalii ilhali anakwenda kazini ameshadanganywa. Shirika la HAART, lililoanza Nairobi mwaka 2010, huwaelimisha watu juu ya mambo haya na kuwasaidia waliookolewa, na kwa habari za mtoto iko simu ya bure, 116. Ukimwona kwa jirani mtoto wa miaka 12 akianika nguo saa ya shule, piga.

Shule hufunguliwa Januari, na wiki ya mwisho ya Desemba washoni wa Lindi hukesha kwa taa, wakikopa vitambaa na kupokea bei yoyote kwa sababu wateja wote wamekuja siku moja. Sare ya mwanangu mwaka huu nitaiagiza Oktoba, na arbuni nitaitoa siku hiyo hiyo.