Barua ya jirani inayopitia Ulaya

Hebu fikiria hivi. Uko Nairobi, mwaka 1999. Unamtumia rafiki yako barua pepe, na yeye anakaa mtaa wa pili tu. Lakini wewe umejiunga na kampuni moja ya intaneti, yeye na nyingine. Barua yako inarushwa hadi kwenye setilaiti, inashuka Ulaya au Marekani, kisha inapanda tena setilaiti kurudi Nairobi. Safari yote hiyo ili ivuke barabara!

Setilaiti za aina hiyo zinakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja ni kilomita 72,000, na mawimbi ya redio, ambayo huenda kwa kasi ya mwanga, huchukua karibu robo sekunde. Barua ya jirani inapanda na kushuka mara mbili, kwa hiyo ni nusu sekunde. Jibu likirudi kwa njia ileile, sekunde nzima imeisha. Tena kampuni zote mbili zinalipia safari hiyo kwa dola, na mwisho wa siku anayebeba mzigo ni nani? Ni wewe mteja.

Dawa yake ni kituo cha kubadilishana intaneti. Jina ni zito ila kitu chenyewe ni chumba chenye umeme wa uhakika, na ndani yake swichi. Kila kampuni inavuta waya hadi pale na kuchomeka. Kwa nini zisiunganishane moja kwa moja? Piga hesabu: kampuni 10 zikitaka kila moja iunganishwe na nyingine zote, zinahitaji nyaya 45. Zikikutana mahali pamoja, nyaya 10 zinatosha. Baada ya hapo ruta zao zinaambiana, kwa itifaki iitwayo BGP: "Wateja hawa wako kwangu, mzigo wao niletee mimi."

Sasa kama ni rahisi hivyo, ugumu uko wapi? Uko kwa watu. Kampuni hizi zinanyang'anyana wateja kila siku, na sasa zinatakiwa zikae chumba kimoja. Kwa hiyo kabla ya kununua swichi, kuna maswali ya kujibu:

1. Chumba kiwe cha nani? Kikiwa cha mmoja wao, wengine watahofia kukatiwa au kupandishiwa bei. Panafaa mahali pasipoegemea upande wowote.
2. Nani analipa kodi ya chumba, umeme na fundi? Mara nyingi wanachama huchanga.
3. Je, kila mwanachama alazimike kubadilishana na wote, au achague?
4. Sheria ya nchi inasemaje?

Swali la nne ndilo lililowatesa Wakenya. Kituo chao, KIXP, kilianza Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na msimamizi wa sekta akaamuru kifungwe. Watoa huduma walijitetea kwamba pale panapita mawasiliano ya ndani tu. Ilichukua karibu mwaka mzima kupata leseni, na kituo kikafunguliwa tena Februari 2002.

Je, ililipa? Mwaka 2012 kilele cha mawasiliano pale kilikuwa gigabiti 1 kwa sekunde. Kufikia 2020 kilikuwa 19. Shirika la Internet Society lilikadiria kuwa kituo kilikuwa kikiokoa dola milioni 6 kwa mwaka.

Lakini tusidanganyane: kituo peke yake hakitoshi. Tovuti ya chuo chako ikihifadhiwa kwenye seva iliyo Ulaya, bado utaifuata huko huko. Ndiyo maana Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, kilichohifadhiwa nyumbani kilikuwa na njia fupi isiyogusa bahari.

Jaribu mwenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri, andika tracert kisha anwani ya tovuti ya chuo chako. Ukiona muda umeruka hadi milisekunde 150 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba barua yako kwa jirani bado inapitia ng'ambo.